Mwenye Neno Aseme Sasa

Mkono wa Mama Hénock ulikuwa bado juu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo walioninunia tangu siku hiyo. Haya, nimerudi, msinipige. Tuko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, kwenye ule ukumbi wa juu ya duka la makochi ambao Wakongo huukodi kila Jumapili ukageuka kanisa. Pasta Placide ametoka kusoma kwa mara ya tatu na ya mwisho tangazo la ndoa ya Octave na Clémentine. Amefika kwenye yale maneno ambayo kila pasta huyasoma mbiombio huku akiomba asiinuke mtu: "Mwenye neno aseme sasa."

Na aliyeinua mkono si mlevi wa mtaani, wala si mchumba wa zamani. Ni mke wa mzee mkuu wa kanisa.

Clémentine alikuwa ameketi benchi la mbele, kitambaa cha kwaya kichwani, mikono mapajani. Aliuona ule mkono, akajua amekwisha.

Kwa nini? Kwa sababu ya siri moja ambayo, kwa hesabu zake, watu wawili tu duniani walikuwa nayo. Zamani, kabla ya kanisa, kabla ya ndoa na watoto, Marthe huyu anayeitwa leo Mama Hénock aliishi na Clémentine chumba kimoja Joubert Park, kwenye ghorofa lenye lifti mbovu. Kazi yao wote wawili ilikuwa kuuza miili yao. Walipojinasua waliwekeana ahadi: tukikutana popote pale, hatujuani.

Marthe akampata Mzee Évariste, mjane mcha Mungu kutoka Uvira, akamzalia watoto. Clémentine akapata kiti cha kusukia nywele Braamfontein, na kwenye kiti hicho akampata Octave, mtoto wa Lubumbashi, mwalimu wa sheria chuoni. Kila Jumapili wanawake hao wawili walipeana mkono mlangoni, "Bwana asifiwe," kama watu waliofahamiana kanisani tu. Mzee Évariste mwenyewe hakujua lolote.

"Haya mama, sema," Pasta Placide alisema.

Marthe alisimama, akajirekebisha kilemba. "Aksanti, Pasta. Mimi niko na neno moja juu ya huyu binti Clémentine. Ni neno lenye nimelibeba siku mingi..."

Hakufika mbali. Octave alikuwa ameshasimama.

"Pasta, naomba nitangulie mimi," alisema. "Ninajua mama anataka kusema nini. Ninajua kabisa."

"Octave, acha mama amalize."

"Hapana, Pasta. Akimaliza yeye itakuwa umbea. Nikisema mimi itakuwa ukweli."

"Eish!" ilisikika kutoka benchi la vijana, na mzee mmoja akageuka kuwakazia macho.

Octave alifunga kifungo cha koti, kama afanyavyo akiingia darasani. "Ndugu zangu, mnajua kazi yangu. Hapa Afrika Kusini mwanafunzi wa sheria anaanzishwa na Roma, kwa sababu sheria za nchi hii mizizi yake iko kule. Sasa sikieni. Kule Roma, mwanamke kuuza mwili wake haikuwa kosa. Ilikuwa halali, hata serikali ikala kodi yake. Ila alipaswa kwenda kwa afisa wa mji, ataje jina lake na mahali alipozaliwa, yaandikwe. Na likishaandikwa jina, basi. Aache ile kazi, atulie, azeeke, jina halifutwi. Mtu mwenye heshima zake hawezi kumwoa. Hata nguo ya wake za watu haruhusiwi kuvaa. Yeye anavalishwa toga, nguo ya wanaume, akipita barabarani kila mtu ajue."

Watu walitazamana. Bibi mmoja alimwuliza jirani yake kama hili ni tangazo la ndoa au ni mtihani.

"Sasa ninawauliza," Octave aliendelea, sauti ikapanda, "sisi ni Roma? Ndiyo, Clémentine alifanya ile kazi. Joubert Park, ndiyo. Alikuwa na njaa, alikuwa peke yake, hakuwa na karatasi. Na aliacha! Mimi ninamjua, na ninamtaka hivyo hivyo. Kama Mama Hénock amesimama kulifukua jina lake, basi ajue mimi nimelifukua kwanza, na sioni haya."

Akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka, na usoni alikuwa na ile nuru ya mtu aliyemaliza kazi ngumu na kuimaliza vizuri.

Huko nyuma mtoto mmoja, wale wa kuzaliwa hapahapa Joburg, alimwuliza mama yake kwa Kizulu yule anti alifanya kazi gani. Akafinywa.

Clémentine hakulia. Machozi yangetoka wapi, wakati kichwani palikuwa na swali moja tu linazunguka? Ameyajuaje? Maana hakuwa amemwambia. Tangu walipochumbiana alijipanga kumwambia, na kila wiki aliahirisha, leo amechoka, kesho ana wageni, keshokutwa yeye mwenyewe hana nguvu. Hakuwahi kumwambia.

"Mama Hénock," Pasta Placide alisema taratibu. "Ndilo neno ulilosimamia?"

Marthe alikuwa bado wima.

"Hapana, Pasta," alisema. "Mimi nilisikia mu tangazo munasoma, Clémentine hana mzazi, hana ndugu hapa Johannesburg. Mara tatu munasoma vile. Na kwetu binti haendi kwa bwana kama mtu wa kuokotwa. Lazima mtu asimame aseme, huyu ni wetu. Nilisimama juu ya kusema muniandike mimi. Mimi niko mama yake."

Kisha akakaa na kujifunika uso kwa kitenge chake.

Jamani! Mimi nimewaandikia mengi ya kusikitisha kwenye ukurasa huu, lakini hapa nilisimama nikaenda kunywa maji. Mtu kajiandaa kumtetea mchumba wake, kapanga hoja, kavaa koti. Akamtetea kwa shitaka ambalo hakuna aliyelileta.

Mzee Évariste ndiye aliyeinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Ibada imekwisha," alisema. "Wahusika, chumba cha wazee."

Kwa utaratibu wao wazee hukaa kwanza peke yao wakaomba, na wenye shauri hungoja. Clémentine alikwenda kungojea jikoni, nyuma ya ukumbi, ambako sombe, kile kisamvu cha chakula cha baada ya ibada, ilikuwa motoni. Akina mama waliokuwamo walikumbuka ghafla kwamba wana kazi mahali pengine. Mmoja alisahau hata mwiko sufuriani.

Marthe aliingia nyuma yake, akausukuma mlango.

"Yaya," Clémentine alisema. Ndivyo watu wa Bukavu wanavyomwita dada mkubwa, na hakuwa amemwita Marthe hivyo tangu Joubert Park. "Yaya, juu ya nini ulisimama? Si tulipatana?"

"Nilichoka, mdogo wangu. Nilikuwa nakuona utaingia kanisani siku ya harusi peke yako, hakuna hata mtu wa kukushika mkono. Nikasema, hata wakiuliza tulijuana wapi nitatafuta uongo. Nisamehe. Ningebaki kwa kiti."

"Si weye. Ni Octave."

"Na weye ulimwambia lini? Si ungenipasha?"

"Sikumwambia."

"Clémentine."

"Mama yangu kaburini, Yaya, sikumwambia kitu. Weye je?"

"Mimi!" Marthe alijipiga kifua. "Bwana yangu nalala naye kitanda kimoja hajui, nitamwambia Octave?"

Walitazamana. Sombe ilichemka ikamwagikia jiko, na hakuna aliyenyoosha mkono kupunguza moto.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Octave, tai imelegea. "Mama, naomba niseme naye peke yake. Kidogo tu."

Marthe alimwangalia usoni. Alimwangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mke wa mtu kumwangalia kijana, kisha akatoka.

"Clé, nisamehe," Octave alianza. "Nilidhani yule mama anataka kukumaliza. Nilitaka nimwahi..."

"Ulijuaje?"

"Mpenzi, hayo tutayaongea nyumbani."

"Octave. Ulijuaje?"

Octave aliangalia bomba la maji. Aliliangalia kana kwamba ndilo lililomwuliza. "Nilikuwa mwanafunzi," alisema. "Nilipanga hapo Joubert Park, jengo la kuvuka barabara. Sikuwa na mtu. Nilikuwa mpweke sana."

Akangoja aelewe mwenyewe. Na Clémentine alielewa.

"Ulikuja," alisema.

"Nilikuja."

"Kwangu."

"Kwako. Zaidi ya mara moja. Miaka ikapita, siku moja nikakuona Braamfontein unasuka. Nikamleta mpwa wangu makusudi asukwe, nipate kukaa karibu. Hukunitambua. Ninaapa, Clémentine, nilikupenda tangu kule."

Clémentine alimkazia macho, akajaribu. Alimwondoa ndevu, akamwondoa kitambi, akamrudisha ujanani. Hakumpata. Siku zile macho yake aliyaweka dirishani, kwenye miti ya bustani, mpaka mtu avae na kuondoka. Mume wake mtarajiwa alipita hapo hapo, naye alikuwa anaangalia miti.

"Na zile hadithi za Roma," alisema. "Ulikuwa unaniambia nikisuka. Nilidhani ni mambo ya kazini kwako."

"Nilikuwa nakufungulia njia, uniambie."

"Leo umewaeleza watu yote. Ila hukusema habari ya wanaume. Wale waliokuwa wanaenda kwa hao wanawake, nao waliandikwa?"

Octave alinyoosha mkono, akapunguza moto wa jiko.

"Mwalimu, ninakuuliza."

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Hawakuandikwa. Sheria haikuwa na neno nao."

"Walirudi kwao wakala chakula."

"Walirudi kwao."

Octave alimshika mikono yote miwili. "Sikia, Clé. Wazee watataka kujua nilijuaje. Sema uliniambia mwenyewe. Ni hilo tu. Ukisema hivyo watakupa adhabu, itaisha, na tutafunga ndoa hapahapa mbele ya watu hawahawa. Ukisema vingine wananitoa na mimi, habari inafika Lubumbashi leo leo kwa simu, baba yangu anajitoa kwenye harusi, na hakuna ndoa tena. Yote yetu yako kwa neno lako moja."

Sasa msomaji, usimwone mjinga. Clémentine alikuwa anataka kitu kimoja maishani. Hakutaka gari wala nyumba Sandton. Alitaka kuolewa mchana, mbele za watu. Kila mwanaume aliyewahi kumshika alimshika nyuma ya mlango uliofungwa, akatoka anageuka kushoto na kulia asije akaonwa. Alitaka mmoja, mmoja tu, atoke naye mlangoni amemshika mkono, na watu wapige vigelegele. Shela ilikuwa imeshashonwa na fundi wa Rosettenville. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na kila asubuhi aliigusa kabla ya kwenda kazini.

"Sawa," alisema. "Nitasema nilikuambia."

Octave akambusu kwenye paji la uso.

Chumba cha wazee kilikuwa stoo ya viti na spika. Mzee Évariste alikaa katikati, wazee wenzake pembeni, Pasta Placide kwenye kona kama mtu aliyekuja kukodi. Marthe naye alikaa karibu na mlango. Kanisa lao lina sheria kwamba mwanamke hahojiwi na wanaume peke yao, lazima mkuu wa akina mama awepo. Mkuu wa akina mama ndiye yeye.

"Binti yangu," Mzee Évariste alianza. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. "Yaliyosemwa ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Uliacha?"

"Niliacha mbele sijakuja kanisa hili."

"Ulitubu?"

"Nilitubu kwa Mungu, baba."

"Kwa Mungu, vema. Kwa kanisa bado." Alipumua. "Utakaa benchi la nyuma. Hutashiriki Meza ya Bwana. Kitambaa cha kwaya utamrudishia Mama Hénock sasa hivi. Tutakuangalia nusu mwaka, kisha utasimama mbele ya watu utubu kwa kinywa chako, ndipo habari ya ndoa izungumzwe."

Clémentine alifungua kitambaa kichwani. Nywele zake, yeye msusi wa watu, zilikuwa hazijasukwa, maana alizitunza kwa ajili ya harusi. Akamnyooshea Marthe kitambaa. Marthe hakuweza kukipokea, kikaanguka sakafuni katikati yao, na ilibidi ainame kukiokota.

"Na weye, Octave," Mzee Évariste aligeuka, na sauti yake ikalainika. "Umetushangaza. Vijana wa leo wakisikia jambo la namna hii wanakimbia. Binti alikuambia, ukamsitiri, ukasimama naye mbele ya kanisa zima. Una moyo mkubwa, mtoto wangu."

"Amina," alisema Pasta Placide.

Octave aliinamisha kichwa. "Aksanti, baba."

Clémentine alilisikia lile aksanti. Alilimeza.

"Lakini sisi ni wazazi wako mu huu mji," mzee aliendelea. "Lazima tukuambie. Hakuna atakayekulaumu ukirudi nyuma. Uko na shule, uko na kazi nzuri, na hapa kanisani kuna mabinti hawana historia. Nataka nisikie kwako. Bado unamtaka huyu?"

Swali jepesi. Asubuhi ileile alikuwa amelijibu mbele ya ukumbi mzima bila kuulizwa na mtu.

Octave alitazama viatu vyake.

"Ningeomba muda, baba," alisema. "Nitafakari."

Hapo kitu kilikatika ndani ya Clémentine. Haikuwa hasira. Angependa iwe hasira, angalau ingempa nguvu. Ilikuwa huzuni tupu, ya mtu aliyetandika meza siku nzima na mgeni akapita bila kubisha. Aliiona ile shela nyuma ya mlango, akaona kwamba itabaki pale, nyuma ya mlango.

"Vema," Mzee Évariste alisema, ameshashika miwani kuifunga. "Tumalize kwa utaratibu. Binti, thibitisha kwa kinywa chako. Ni weye ulimwambia Octave mambo haya?"

Wazee walikuwa wameanza kujinyoosha. Mmoja alikuwa anatafuta funguo za gari mifukoni. Octave aliinua uso, akamwangalia Clémentine kwa macho ya kuomba.

"Hapana," Clémentine alisema.

"Unasemaje?"

"Sikumwambia, baba. Hakuna siku nilimwambia."

"Basi alijuaje?"

"Mumwulize yeye. Wanaume walikuwa wengi. Mimi sura yake siikumbuki."

Funguo zilianguka. Pasta Placide alifungua mdomo, hakuna amina iliyotoka. Octave alisimama, uso umekuwa wa majivu, na kwa kitambo kidogo Clémentine alidhani atasema kweli. Nilidhani hivyo hata mimi.

"Wazee wangu," Octave alisema, "mnaona wenyewe. Nimeomba muda, ananilipizia. Huyu amewaficha jambo hili miaka yote, anaimba kwaya, anashika Meza ya Bwana. Leo mtapokea neno lake juu ya mtu wa kanisa? Mtu wa kazi ile, ushahidi wake ni ushahidi gani?"

Clémentine aliyatambua maneno hayo. Hiyo nayo ilikuwa Roma. Mwanamke aliyeuza mwili wake hakuruhusiwa kusimama mbele ya hakimu na kushuhudia. Octave mwenyewe ndiye aliyemwambia, mchana mmoja Braamfontein, na siku hiyo aliisema sheria hiyo kwa uchungu, hata akaiita ya kinyama.

Mzee Évariste alitikisa kichwa taratibu. "Neno lako lina uzito," alisema. "Maandiko yanataka mashahidi wawili. Kwa neno la mtu mmoja, tena mtu mwenyewe wa namna hii, siwezi kumhukumu ndugu." Aliwatazama wenzake. "Kuna mwingine anajua habari hii? Hakuna. Basi imekwisha. Octave, nenda kwa amani. Binti, kwa uongo huu adhabu yako..."

Kiti kililia karibu na mlango.

"Wa pili iko," alisema Marthe.

"Mama Hénock, weye uko hapa kumsindikiza tu. Kaa."

"Sikai." Alikuwa amekikunja kile kitambaa cha kwaya mkononi mpaka kimekuwa donge. Alikuwa hamtazami mumewe. Alikuwa anamtazama Octave. "Alikuwa mwembamba, hana ndevu. Alikuwa anavaa koti ya kijani ya chuo hata wakati wa joto. Alikuwa anabisha na kidole kimoja, kwa haya, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Hapa kanisani sikumjua juu amenona. Leo, pale jikoni, nimemwangalia vizuri."

Octave alikaa bila kuambiwa.

Wazee walikuwa bado hawajaelewa. Wanaume wakati mwingine huchelewa. Clémentine aliwatangulia, akaruka na kumshika Marthe mkono.

"Yaya, nyamaza," alimnong'oneza. "Nakuomba. Acha, nitaibeba peke yangu, nimeshaibeba. Yaya, uko na watoto. Fikiri Hénock."

"Nimefikiri," alisema Marthe. Aliutoa mkono wa Clémentine taratibu, kisha akaushika yeye, akasimama naye mbele ya wazee wote. "Clémentine hakuwa anaangalia sura zao. Haya ni kweli, hawezi kuzijua. Mimi niliziona zote. Mimi ndiye nilikuwa nafungua mlango."

Chini barabarani robot, zile taa za kuongoza magari, ilibadilika, teksi zikapiga honi na kuondoka.

Mzee Évariste alikigeuza kiti chake, polepole, mpaka akamwelekea mkewe. Hakupaza sauti. Alisema kwa upole uleule anaotumia nyumbani mezani, akiomba apitishiwe chumvi.

"Mlango gani, Mama Hénock?"